Kutoa wahitimu wa kompyuta wanaohitajika kazini: mwongozo kamili kwa idara za vyuo na waajiri

Mwongozo huu nimewaandikia kwanza wakuu wa idara na wahadhiri wanaofundisha kompyuta na TEHAMA katika vyuo vya Tanzania, kisha waajiri wanaofanya usaili kutwa nzima na kumaliza bila kumpata wa kumkabidhi kazi. Mwanafunzi naye atapata yake humu, hasa ninapozungumzia mradi na field, yaani mafunzo kwa vitendo. Msomaji wa Kenya atakuta mengi yanafanana na ya kwao, na panapotofautiana nimetaja.

Kazi zipo. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008. Mwaka 2014 kampuni za simu za Tanzania zilianza kufungua njia ya wateja kutumiana pesa kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Serikali nayo ikaleta GePG, mfumo wake wa kielektroniki wa kupokea malipo, na leo mtu analipa ada na faini za serikali kwa kumbukumbu namba ya malipo akiwa amekaa nyumbani kwake. Nyuma ya kila huduma kama hizo kuna watu wanaoandika programu, wanaolinda seva, wanaokesha malipo yanapokwama, wanaomwelekeza keshia wa hospitali ya wilaya mfumo unapomgomea. Benki, bima, hospitali, halmashauri na SACCOS zote zinawatafuta watu hao.

Vyeti pia vipo. UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) kupitia koleji yake ya TEHAMA, CoICT, pale Kijitonyama, UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) kupitia koleji yake ya CIVE, DIT ya Dar es Salaam, MUST ya Mbeya, SUZA ya Zanzibar na vyuo vingine vingi vinatoa wahitimu kila mwaka. Pengo ninaloliona mimi ni moja: mhitimu anamaliza miaka mitatu au minne bila kugusa programu iliyoandikwa na mtu mwingine, inayotumiwa na mtu mwingine, ambayo ikiharibika kuna anayeumia. Anajua kuanza. Hajui kurithi, kutunza wala kukabidhi, na ajira karibu zote za kwanza ni za kurithi, kutunza na kukabidhi. Hatua zote zilizomo humu zinalenga kuziba pengo hilo.

Hatua ya 1: Muulize anayempokea mhitimu wako

Kikao cha wadau kinachoalika wakurugenzi peke yao hakitoshi. Mkurugenzi atakuambia anataka vijana wabunifu wanaojituma, naye anasema kweli, lakini maneno hayo hayakusaidii kutunga zoezi la maabara. Mtafute kiongozi wa timu, yule anayekaa meza moja na mwajiriwa mpya miezi mitatu ya mwanzo. Muulize maswali haya:

- Mhitimu wa mwisho uliyempokea, ulilazimika kumfundisha nini kabla hujampa kazi?
- Ni kosa lake lipi lililowagharimu muda au pesa?
- Alikwama wapi akanyamaza badala ya kuuliza?
- Kuna tunachofundisha chuoni ambacho hujawahi kukiona kikitumika kwako?

Timu kumi hivi zinatosha kwa mwanzo, ilimradi ziwe za aina tofauti: benki, kampuni ya simu, kampuni ndogo ya watu watano, taasisi ya serikali, hospitali. Pitia pia matangazo ya kazi ya Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, na ya kampuni binafsi kwa miezi kadhaa, uandike kwenye jedwali kila ujuzi unaotajwa. Kisha wapigie wahitimu wako waliomaliza miaka miwili iliyopita. Hao ndio watakaokuambia ukweli bila kukupamba.

Ukiyakusanya majibu, yagawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni misingi: kusoma msimbo (code) wa mwenzio, kufuatilia kosa hadi chanzo chake, SQL (lugha ya kuuliza kanzidata) ya kiwango cha kazi, mfumo endeshi wa Linux kwa kuandika amri, Git (programu ya kutunza historia ya msimbo), namna mifumo miwili inavyozungumza kupitia API (mlango ambao programu moja huufungulia nyingine), majaribio, usalama, na kuandika maelezo yanayoeleweka. Fungu la pili ni zana: lugha fulani, toleo fulani, huduma fulani ya seva za kukodi. Misingi ibebe uzito wa shahada. Zana ziingie kwenye mazoezi na zibadilishwe kila inapobidi. Aliyejifunza kutengeneza programu za Android mwaka 2010 alijifunza kwa lugha ya Java. Mwaka 2017 Google ikaikubali rasmi lugha ya Kotlin. Aliyekuwa na msingi alihama bila kuumia sana, na aliyekariri zana alirudi darasa la kwanza.

Hatua ya 2: Anza na alama 40 zilizo mkononi mwako

Mtaala mpya hupita idarani, kwenye kitivo, kwenye seneti, kisha TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, au NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, kwa vyuo vilivyo chini yake. Safari hiyo hula miaka, na ni sawa ichukue muda wake. Lakini katika vyuo vingi vyetu alama 40 kati ya 100 ni za kazi za muhula, na kazi hizo anazitunga mhadhiri mwenyewe. Hakuna kikao kinachohitajika ili uzibadilishe muhula ujao.

Chukua somo la kanzidata. Zoezi lililozoeleka ni kuchora mfumo wa maktaba wenye majedwali ya safu tano tano. Kwa safu tano kila swali linajibiwa haraka na kila muundo unaonekana sahihi, kwa hiyo mwanafunzi hana namna ya kujua kama amekosea. Wape badala yake jedwali la miamala milioni moja ya kubuni, uliyoizalisha kwa programu fupi, na uichafue kwa makusudi: majina yameandikwa kwa namna mbili, tarehe ziko kwa mitindo miwili, namba za simu nyingine zinaanza na 0 na nyingine na 255. Waisafishe. Watoe taarifa ya jumla ya kila mkoa kwa kila mwezi. Wapime swali linachukua sekunde ngapi, waweke faharasa (index) kwenye safuwima inayofaa, wapime tena, waeleze kwa nini muda umebadilika. Wiki inayofuata ifute kanzidata nzima mbele yao, kisha uwaambie wairejeshe kutoka kwenye nakala walizotakiwa kuhifadhi. Nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurejeshwa haina thamani, na somo hilo ni bora walipate kwako kuliko benki.

Katika mifumo endeshi, kila kundi lipewe mashine ndogo ya Linux, hata ikiwa ni ya kuigizwa kwa programu ndani ya kompyuta moja ya idara, na litunze tovuti ndogo iwe hewani muhula mzima. Mhadhiri aivuruge bila taarifa: siku moja ajaze diski, siku nyingine azime huduma, siku nyingine abadili ruhusa za faili. Kundi liandike ukurasa mmoja: nini kilitokea, tulikigunduaje, tumefanya nini kisijirudie. Alama nyingi ziende kwenye ukurasa huo.

Mwaka wa kwanza, nusu ya mazoezi ya kuandika programu yawe ya kusoma. Mpe mwanafunzi programu ya mistari 300 aliyoiandika mtu mwingine, yenye makosa matatu, na umkataze kugusa chochote mpaka aeleze kwa maneno yake programu inafanya nini.

Zoezi ambalo kila idara ya Afrika Mashariki inapaswa kuwa nalo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijaona zoezi jingine linalokusanya misingi mingi kwa gharama ndogo kiasi hiki: kupokea malipo ya simu.

Safaricom ya Kenya ina Daraja, mlango wa API wa M-Pesa uliofunguliwa mwaka 2017, wenye mazingira ya majaribio ambayo mtu anajisajili na kuanza bila kugusa pesa halisi. Vodacom Tanzania nayo ina mlango wa M-Pesa wenye mazingira ya majaribio. Mwambie mwanafunzi atengeneze ukurasa mdogo wa kuuza tiketi za chakula cha mchana chuoni. Wiki ya kwanza atafurahi: amebofya, jibu limerudi, skrini imeandika "Umelipa". Wengi huishia hapo na kuliandika kwenye wasifu wao. Wewe ndipo unapoanzia.

Swali la kwanza: jibu lisiporudi? Mteja amekatwa pesa, mfumo wako bado unasema hajalipa, naye amesimama dirishani na njaa. Inabidi mfumo uwe na hali ya tatu kati ya "amelipa" na "hajalipa", na uwe na njia ya kurudi kuuliza muamala umeishia wapi.

Swali la pili: jibu likirudi mara mbili? Hutokea, hasa mtandao unapoyumba. Kama mfumo unaongeza tiketi kila taarifa inapoingia, mteja atakula mara mbili kwa malipo ya mara moja. Namba ya muamala ihifadhiwe kwa masharti kwamba haiwezi kujirudia, na kanzidata yenyewe ikatae ya pili.

Swali la tatu: nani ametuma taarifa hiyo? Anwani inayopokea majibu iko wazi kwenye intaneti. Mwanafunzi mwenzake anaweza kutuma taarifa ya uongo ya shilingi laki moja. Waache wajaribu kudanganyana, kundi kwa kundi, halafu wazibe.

Swali la nne: kiasi umekihifadhije? Anayehifadhi pesa kwa namba za desimali zinazokadiriwa ataona senti zinapotea na kuongezeka. Pesa huhifadhiwa kwa namba kamili.

Na la tano, ambalo wahasibu wanalijua na watu wa kompyuta wanalisahau: jioni, je, jumla ya kwenye mfumo wako inalingana na jumla ya taarifa ya kampuni ya simu? Ikipishana, mwanafunzi atafute muamala uliosababisha tofauti.

Kama mazingira ya majaribio hayapatikani siku hiyo, andika seva ndogo ya kuigiza inayochelewesha majibu, inayorudia, na wakati mwingine kunyamaza kabisa. Mhadhiri anayejua kazi yake anaiandika kwa siku moja, na itatumika miaka. Mwanafunzi aliyepita kwenye maswali hayo matano hahitaji kumweleza msaili kwamba anajituma.

Hatua ya 3: Badili mradi wa mwaka wa mwisho uwe mradi wa kurithiwa

Kila mwaka wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaanza mifumo mipya kutoka sifuri: wa hosteli, wa maktaba, wa mahudhurio. Inawasilishwa mbele ya jopo, inapewa alama, inafungiwa kabatini. Mwaka unaofuata wengine wanaanza mfumo wa hosteli kutoka sifuri. Kijana wa gereji haanzi kwa kuunda gari jipya. Anafungua la mteja huku fundi anamwangalia, na mwenye gari anasubiri pale nje.

Kwa hiyo chagua mtumiaji halisi aliye karibu, ambaye mtafika kwake kwa miguu: zahanati ya chuo, maktaba, SACCOS ya wafanyakazi, ofisi ya malazi. Mchague anayelalamika, maana asiyelalamika hatawafundisha kitu. Anzeni na kazi moja ndogo. Kwa zahanati, mfano mzuri ni leja ya dawa: zipi zimeingia, zipi zimetoka, zipi zinakaribia kuisha muda. Mkianza kwa kuahidi mfumo mzima wa hospitali hamtafika popote, na mtampotezea muuguzi imani.

Mfumo ukishasimama, kila mwaka wa masomo una nafasi yake. Mwaka wa pili wanarekebisha kasoro ndogo zilizoripotiwa na watumiaji. Mwaka wa tatu wanaongeza kipengele. Wanaomaliza wanakagua msimbo wa wadogo zao na kuamua nini kiingie. Sheria isiyovunjwa ni hii: hakuna anayeingiza msimbo wake bila mwingine kuusoma na kuandika maoni, na maoni hayo nayo yana alama. Jumatatu kundi linapanga, Ijumaa linamwonyesha mtumiaji kilichofanyika, hata kama ni kitufe kimoja.

Makabidhiano yaanze mapema, majuma kadhaa kabla ya muhula kuisha. Wanaoondoka wanaandika mwongozo wa kusimamisha mfumo kwenye kompyuta tupu. Wanaoingia wanaufuata neno kwa neno, bila kuuliza swali hata moja. Wakikwama, alama zinapungua upande wa walioandika.

Kuna jambo la kisheria ambalo halina mjadala. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Taarifa za afya ni miongoni mwa zile zinazolindwa zaidi. Wanafunzi wafanye kazi na data ya kubuni tu. Seva yenye majina ya wagonjwa iguswe na wafanyakazi wa zahanati na mhadhiri mmoja aliyepewa dhamana kwa maandishi. Mfundishe mwanafunzi sababu, kwa sababu kesho ataajiriwa mahali ambapo kosa hilo linaifikisha kampuni mbele ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Alama za mtu mmoja mmoja zitoke wapi? Historia ya Git inaonyesha nani aliandika nini na lini, lakini peke yake haitoshi. Tangu ChatGPT itoke mwishoni mwa 2022, kumpima mwanafunzi kwa faili aliloleta hakuna maana tena. Mimi sioni sababu ya kuwakataza zana hizo, kwani kazini watazikuta. Mkae naye dakika kumi, mfungulie ukurasa wowote wa msimbo wake, mwambie aueleze, kisha aubadilishe mbele yako: "Sasa nataka dawa iliyopita muda isiuzwe hata kwa bahati mbaya. Unagusa wapi?" Aliyeelewa atajulikana ndani ya dakika tatu, hata kama mstari wa kwanza aliandikiwa na mashine.

Hatua ya 4: Iokoe field

Mafunzo kwa vitendo ndiyo nafasi ya pekee ya wanafunzi wengi kuona kazi kabla ya kuhitimu, na ndiyo inayopotea kirahisi zaidi. Kijana anapelekwa ofisi ya TEHAMA, anabadilisha wino wa printa, anatumwa kuweka programu za kuzuia virusi, kisha logibuku inajazwa siku ya mwisho kwa mwandiko mmoja na kalamu moja. Msimamizi wa chuo anafika wiki ya saba, anasaini, anaondoka.

Kinachosaidia ni makubaliano ya ukurasa mmoja kabla ya siku ya kwanza. Yawe na mambo matatu: jina la mfanyakazi mmoja atakayemsimamia kila siku, kazi mbili au tatu zinazoeleweka zenye mwisho, na kitu ambacho mwanafunzi atakiwasilisha akimaliza. Kazi yenye mwisho ni kama hii: "Andika majaribio ya sehemu ya usajili wa wateja," au "Tafuta kwa nini taarifa ya mwezi inachukua dakika kumi kutoka." Kauli ya "Kusaidia kitengo cha TEHAMA" haina mwisho, wala haina mwanzo.

Ziara ya msimamizi iwe wiki ya pili. Wakati huo tatizo bado linarekebishika: kijana hana kompyuta, au hajapewa ruhusa ya kuona msimbo, au aliyetajwa kumsimamia yuko likizo. Ziara ya wiki ya saba inahesabu maiti.

Nje ya Dar es Salaam kampuni ni chache, na idara za Mbeya, Mwanza au Dodoma zina haki ya kuuliza watawapeleka wapi vijana mia mbili. Jibu la kwanza ni hospitali za rufaa, halmashauri, mamlaka za maji na vyuo vyenyewe, ambako mifumo ipo na watunzaji ni wachache. Jibu la pili ni miradi huria. DHIS2, programu ya takwimu za afya inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, inatumiwa na Wizara ya Afya ya Tanzania na ya nchi nyingine nyingi, na UDSM imeshiriki kazi zake kwa miaka mingi. Msimbo wake uko wazi. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa unaotumika pia Kenya, Uganda na Rwanda, uko wazi vilevile. Kundi la wanafunzi watano chini ya mhadhiri mmoja linaweza kuanza kwa kutafsiri maneno ya skrini kwa Kiswahili, likapanda hadi kurekebisha kasoro, na kila kazi yao ikasomwa na watu wazoefu wasiowajua.

Mfano wa karibu wa wanafunzi kufanya kazi iliyohitajika ni Ramani Huria. Kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa UDSM waliingia mitaa ya Dar es Salaam inayofurika pamoja na wakazi wake, wakachora barabara, mifereji na majengo kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuichangia. Ramani zile zilitumika kupanga namna ya kukabili mafuriko. Walijifunza kifaa cha GPS, ubora wa data, na namna ya kuzungumza na mjumbe wa nyumba kumi, vyote kwa mkupuo mmoja.

Hatua ya 5: Mhadhiri naye arudi kazini

Haiwezekani kufundisha kurekebisha mfumo unaoanguka ikiwa hujaona unaanguka. Kila mwaka mhadhiri mmoja au wawili watumie likizo ndefu ndani ya timu ya kampuni au taasisi, wakifanya kazi, na warudi na mazoezi mapya matatu ya maabara. Hayo mazoezi ndiyo ripoti yao.

Kwa upande wa pili, mlete mhandisi chuoni. Hotuba moja ya saa mbili inasisimua na kusahaulika. Mwombe majuma sita mfululizo, jioni moja kwa wiki, asimamie maabara pamoja na mhadhiri mwenye somo. Mara nyingi kanuni hazimruhusu asiye na shahada ya uzamili kumiliki somo, ila hazimzuii kuketi na wanafunzi na kukagua msimbo wao. Mlipe nauli na posho, na umwandikie barua ya shukrani inayokwenda kwa bosi wake. Hiyo barua ndiyo itakayomruhusu arudi mwaka kesho.

Hatua ya 6: Umeme, bando na saa za maabara

Usitunge zoezi linalodai kila mwanafunzi awe na laptopu mpya na bando la kila siku. Git haihitaji intaneti muda wote. Seva ya Gitea, programu ya kuhifadhi kazi za Git za watu wengi pamoja, kwenye kompyuta moja ya idara inawawezesha wote kushirikiana kupitia mtandao wa ndani, umeme wa mtaa mwingine ukatike au usikatike. Programu ya Kiwix inakupa Wikipedia na majibu ya Stack Overflow, tovuti ya maswali ya waandishi wa programu, bila bando. Kompyuta za zamani zinazoshindwa Windows mpya huamka upya kwa Linux nyepesi. Vyuo vilivyounganishwa na TERNET, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti, au KENET kwa Kenya, viulize huko kwanza kabla ya kununua intaneti kwa bei ya rejareja.

Saa za maabara zipangwe kwa kuangalia nani anashindwa kuja. Maabara inayofunguliwa usiku peke yake inawaacha nje wasichana wengi wanaokaa mtaani, wanaohofia kurudi na bodaboda saa nne. Fungua Jumamosi asubuhi pia, na uweke mtu wa kusaidia awepo.

Hatua ya 7: Zamu ya mwajiri

Tangazo linalotaka mhitimu mpya mwenye uzoefu wa miaka mitatu halimpati mtu. Kama unahitaji mwenye uzoefu, sema hivyo na umlipe. Kama unamtaka anayeanza, andika kile atakachofanya miezi sita ya kwanza na kile utakachomfundisha.

Usaili nao uubadilishe. Maswali ya kukariri yanamchagua aliyekariri. Mpe mwombaji msimbo mdogo wenye kasoro, saa moja na nusu, na ruhusa ya kuuliza. Tazama anavyosoma, anavyokisia, anavyothibitisha, na anavyouliza anapokwama.

Utarajali ulipwe. Kijana asiyelipwa anaacha kuja akipata kibarua, na unabaki na wale tu ambao wazazi wao wanaweza kuwalipia nauli. Panga wiki 12: wiki ya kwanza asimamishe mfumo kwenye kompyuta yake na arekebishe kosa dogo la maandishi ili aone kazi yake ikifika kwa mteja; hadi ya nne, kasoro ndogo akikaa na mwenzake; hadi ya nane, kipengele kidogo; zilizobaki, awe sehemu ya zamu ya kupokea malalamiko ya wateja. Mtu mmoja awe na jukumu lake, na jukumu hilo lihesabiwe katika tathmini ya kazi ya huyo mtu, la sivyo litafanywa kwa mabaki ya muda.

Waajiri wa Tanzania wenye wafanyakazi kuanzia 10 wanalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, ambayo mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara. Mna haki ya kuuliza, kupitia vyama vyenu, ni programu gani za uanagenzi na utarajali zinazofadhiliwa, na kuziomba. Kenya, anayelipa tozo ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ya shilingi 50 kwa mfanyakazi kila mwezi anaweza kudai fidia ya mafunzo yaliyoidhinishwa.

Hatua ya 8: Fuatilia na ukate kisichofanya kazi

Kabla wahitimu hawajaondoka, chukua namba ya simu na barua pepe isiyo ya chuo, maana ya chuo hufungwa. Mpigie kila mmoja baada ya miezi sita, kisha baada ya mwaka na nusu. Uliza: unafanya kazi gani, inahusiana na ulichosoma, wiki ya kwanza ulishindwa nini, tulichokufundisha kipi ulikitumia mwezi huu. Asiye na kazi aulizwe alifika hatua gani za usaili na akaangukia wapi. Andika majibu kwa mwaka wa kuhitimu, ili uone kama waliopitia mradi wa kurithiwa wanatofautiana na waliotangulia.

Majibu yabandikwe idarani, mazuri na mabaya, wahadhiri na wanafunzi wayasome. Kisha kikao cha idara kiamue mambo mawili tu kwa mwaka: zoezi moja jipya linaloingia, na moja la zamani linaloondoka. Kikao hicho kifanyike kabla ya ratiba ya muhula kutoka, si baada yake, na aliyependekeza zoezi jipya ndiye alifundishe muhula wa kwanza.